Laki Tano Zimeingia, Lakini Zako Ni Ngapi? Kupanga Miamala ya Till kwa Makundi

Swali ambalo wenye maduka wa Kitengela hutuuliza kila mara ni hili: pesa inaingia kwa simu mchana kutwa, mbona mwisho wa mwezi haionekani? Na hawadanganyi. Ukifungua taarifa ya till unaona laki kadhaa zimepita. Shida ni kwamba taarifa hiyo haijui tofauti kati ya mteja aliyenunua mifuko mitatu ya simiti na chama kilichokutumia zamu yako. Kwake zote ni pesa iliyoingia, basi.

Kwa hivyo leo tunaongea kuhusu kazi moja tu: kuchukua mistari hiyo mingi na kuikusanya katika makundi machache, kila kundi na jumla yake. Wachambuzi wa fedha mjini hulipwa vizuri kwa kazi hii na wana programu zake maalum. Wewe unaweza kuifanya kwa Excel au Google Sheets, hata kwa simu kama una subira ya kutelezesha kidole. Fomula zenyewe ni tatu tu. Kigumu ni kuamua nini kinaenda wapi, na hapo ndipo tutakaa kwa muda.

Kwa nini tunaanza na Kitengela

Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 kwa sensa ya 2009. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa 1,117,840. Watu hao wote wanahitaji pa kulala, ndiyo maana ukitoka Athi River kushika barabara ya Namanga unaona hardware, mabati, mawe, mchanga, hardware tena. Na kwa sababu maji ya mfereji hayatoshi, kuna biashara nyingine inayotembea sambamba na ujenzi: maji ya tangi, yanayochotwa kwenye visima na kupelekwa hadi mlangoni. Mtu mmoja mara nyingi anafanya zote mbili, halafu anaongeza na chama, na mkopo wa simu, na fees za watoto, zote zikipita kwenye simu ileile.

Zamani mambo yalijitenga yenyewe. Pesa za duka zilikaa kwenye droo, za chama kwenye bahasha, za shule chini ya godoro. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, na malipo ya till yalipozoeleka miaka iliyofuata, droo, bahasha na godoro zimekuwa kitu kimoja. Ni rahisi na ni salama zaidi, hatukatai. Lakini ile kazi ya kutenganisha iliyokuwa ikifanywa na droo na bahasha sasa lazima uifanye wewe mwenyewe.

Mwezi mmoja wa Mama Hardware

Huu ni mfano wa kutunga, ila ukiwa na duka utajiona ndani. Tumwite Mama Hardware, kwa sababu mtaani wangemwita hivyo. Ana duka Kitengela, karibu na Noonkopir, na pikapu moja yenye tangi la maji. Anafikiria kufungua duka la pili Isinya, kwa mkopo. Mwezi huu taarifa yake inasema zimeingia KSh 562,000 na zimetoka KSh 555,000. Amebaki na KSh 7,000.

Ukiangalia namba hizo tatu unaweza kusema mambo mawili yanayopingana kabisa. Mmoja atasema, "Mama huyu anazungusha zaidi ya nusu milioni kwa mwezi, apewe mkopo leo." Mwingine atasema, "Elfu saba? Afunge duka aende nyumbani." Wote wawili wamekosea, na wote wamekosea kwa sababu ileile.

Hebu tufungue. Zile 562,000 zilizoingia ni hizi: mauzo ya hardware KSh 298,000, mauzo ya maji KSh 84,000, mkopo alioupata KSh 80,000, zamu yake ya chama KSh 50,000, na KSh 50,000 alizovuta kutoka akaunti yake mwenyewe ya benki ili kulipa muuzaji wa jumla.

Zilizotoka ni nyingi zaidi, kama kawaida ya pesa. Stoku 226,000. Kusafirisha mali 11,000. Maji ya kisima 27,000, dizeli ya pikapu 19,000, dereva 15,000, tairi 14,000. Kodi ya duka 22,000, stima 3,000, kijana wa duka 16,000, ada za miamala 4,000. Kulipa mkopo 38,000. Mchango wa chama 15,000, fees 54,000, matumizi ya nyumbani 41,000. Halafu 50,000 akarudisha benki.

Sasa tukusanye. Kundi la Hardware: yameingia 298,000, na gharama zinazotokana moja kwa moja na mauzo hayo ni stoku na usafiri, jumla 237,000. Zimebaki 61,000. Kundi la Maji: yameingia 84,000, yametoka 75,000, zimebaki 9,000. Kundi la Uendeshaji, yaani kodi ya duka, stima, kijana na ada: 45,000. Ukijumlisha zile mbili za kwanza unapata 70,000, toa 45,000, biashara imebaki na KSh 25,000.

Hiyo 25,000 ndiyo namba ambayo Mama Hardware hakuwahi kuiona. Haikuandikwa popote kwenye taarifa.

Makundi mengine yanaeleza ilikoenda. Kundi la Mikopo: zimeingia 80,000 zikatoka 38,000, ongezeko la 42,000. Kundi la Uhamisho, pesa yake kwenda na kutoka kwenye akaunti yake: 50,000 kwa 50,000, sifuri. Kundi la Nyumbani na Chama: zimeingia 50,000, zimetoka 110,000, pengo la 60,000. Jumlisha sasa: 25,000 na 42,000 ni 67,000, toa 60,000, unabaki na 7,000. Imerudi palepale kwa taarifa. Ikiwa makundi yako hayarudi kwenye namba ya taarifa, kuna mstari umepotea au umehesabiwa mara mbili. Usiendelee mpaka uupate.

Lakini angalia vile picha imebadilika. Duka haliko hoi, linatoa elfu 25. Nyumbani kunahitaji elfu 60 mwezi huu wa fees, na pengo limezibwa kwa mkopo. Na maji, ile biashara inayomchosha zaidi na inayopigiwa simu saa kumi na moja alfajiri, imeleta elfu tisa.

Fomula tatu

Pakua taarifa yako na uifungue kama lahajedwali. Tuseme tarehe iko safu A, maelezo safu B, kiasi safu C. Ongeza safu D uiite Kundi. Pitia kila mstari uandike kundi lake. Mwezi wa kwanza utachukua jioni nzima. Mwezi wa pili utakuwa umeshazoea majina ya wateja na wauzaji, inachukua saa moja.

Kisha pembeni andika =SUMIF(D:D,"Stoku",C:C). Maana yake ni: pita safu D yote, kila unapokuta neno Stoku, chukua kiasi kilicho safu C na ujumlishe. Ukitaka masharti zaidi ya moja, kwa mfano kundi ni Maji na mwezi ni Machi, tumia SUMIFS. Hapo mpangilio unageuka, safu ya kujumlisha inatangulia: =SUMIFS(C:C,D:D,"Maji",E:E,"Machi"). Wengi huchanganyikiwa hapo, na hatuwalaumu. Waliobuni wangeweza kutuonea huruma.

Fomula ya tatu ni SUBTOTAL, na hii watu wengi hawaijui. Ukiweka jumla ndogo ndani ya safu, mfano jumla ya hardware, jumla ya maji, halafu chini kabisa ujumlishe safu nzima kwa SUM ya kawaida, programu itahesabu mauzo na pia itahesabu zile jumla ndogo. Mauzo ya Mama Hardware ya 382,000 yatatokea kuwa 764,000. Mara mbili kamili! Ukitumia =SUBTOTAL(9,C2:C40) kwa jumla ndogo na pia kwa jumla kuu, ile kuu inaziruka zile ndogo yenyewe. Hiyo 9 inamaanisha "jumlisha".

Kuna pia jedwali ambalo Excel inaliita PivotTable, lililokuja na toleo la 5 mwaka 1993, ambalo linakusanya makundi yote kwa kuburuta tu bila kuandika fomula. Ni tamu ukishaielewa. Sisi tunapendekeza uanze na SUMIF kwanza, kwa sababu unaona kila namba ilikotoka.

Neno moja, mifuko miwili

Programu husoma herufi, haisomi nia yako. Ukiandika "stoku" na "Stoku" SUMIF itaelewa ni kitu kimoja. Lakini ukiandika "Stoku" na nafasi moja mwishoni, nafasi ambayo hata macho hayaioni, huo mstari unaachwa nje. Dawa yake ni kuweka orodha ya kuchagua kwenye safu ya Kundi, ili usiwe unaandika kwa mkono kila mara.

Tatizo kubwa zaidi ni la lugha yetu wenyewe. Chukua neno "kodi". Unaweza kumaanisha kodi ya duka, ya mwenye nyumba, au kodi ya KRA. Ukizitia zote kwenye kundi la "Kodi" utapata jumla ambayo haina maana yoyote: sehemu yake haibadiliki kila mwezi, na sehemu nyingine inapanda na kushuka na mauzo. "Mafuta" nayo? Kwa Mama Hardware ni dizeli ya pikapu, na pia ni yale ya kupikia aliyonunua supermarket. "Maji" ni stoku ya biashara na pia bili ya nyumbani. Tumeona karatasi za hesabu nzuri kabisa zikiharibika kwa maneno haya matatu. Andika Kodi ya Duka upande mmoja na Ushuru upande mwingine. Andika Dizeli. Andika Maji ya Kisima. Usiogope jina refu.

Na kwa mstari usiojua ni wa nini, usiusukume kwenye "Mengineyo". Andika Bado. "Mengineyo" hukaa miaka, kama fundi aliyekuahidi kesho. "Bado" inakukumbusha kupiga simu kuuliza. Ikifika mwisho wa mwezi na Bado ina zaidi ya elfu chache, makundi yako mengine huwezi kuyaamini sana.

Kundi zuri ni lipi?

Hapa ndipo watu huuliza: makundi mangapi? Kumi? Thelathini? Swali bora ni: vitu gani husonga pamoja? Ukiuza simiti zaidi, stoku inapanda na usafiri unapanda. Hivyo viwili viko kundi moja. Kodi ya duka haijali umeuza nini, mwenye nyumba anakuja tarehe tano. Stima na mshahara wa kijana hali kadhalika. Hayo ni kundi jingine. Ukichanganya gharama inayosonga na ile isiyosonga, jumla yako itakuwa sahihi kwa mwezi uliopita, lakini haitakusaidia kukisia mwezi ujao.

Ona maji. Mvua za masika za Machi hadi Mei zikinyesha vizuri, watu wa Kitengela wanakinga maji ya paa na simu ya pikapu inanyamaza. Maji ya kisima na dizeli vitashuka pamoja na mauzo, kwa sababu huchoti usichouza. Dereva je? Kama analipwa kwa mwezi, hashuki. Kwa hivyo dereva wa Mama Hardware, ukisema ukweli, yuko ndani ya Maji kwa sababu ya pikapu lakini anasonga kama Uendeshaji. Sisi tungemweka Maji, tukiongeza safu nyingine inayosema kama gharama inasonga au imesimama, kisha SUMIFS itutolee picha zote mbili. Mwingine angemweka Uendeshaji moja kwa moja. Sawa tu, mradi mwezi ujao asimhamishe.

Na tairi? Elfu 14 mwezi mmoja, halafu huenda usinunue tena mwaka mzima. Ukiacha yote ndani ya mwezi huu, maji yanaonekana yameleta 9,000 tu. Ukiitoa, yameleta 23,000. Ukweli uko katikati. Kwa kukisia mbele, gawanya bei ya tairi kwa miezi unayotarajia idumu. Kwa kulinganisha na taarifa ya till, iache nzima ilivyotoka. Usifute moja kwa ajili ya nyingine.

Stoku ina kasoro kama hiyo. Mama Hardware alinunua mali ya 226,000, lakini kununua si kuuza. Kama alifunga mwezi akiwa na mali ya KSh 35,000 zaidi ya aliyoanza nayo, basi hardware haikuleta 61,000, ilileta 96,000, ila 35,000 kati yake zimekaa rafuni zikiwa misumari na rangi. Kwa hivyo hesabu stoku mwanzo na mwisho wa mwezi. Ni kazi ya vumbi, tunajua. Till haiwezi kukufanyia. Haiwezi pia kukuandikia mauzo ya pesa taslimu, wala mteja aliyechukua mabati kwa deni.

KRA inaangalia kundi gani?

Sasa tuje kwa pesa zinazouma. Kuanzia Julai 2023, mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka ni zaidi ya milioni 1 na hayazidi milioni 25 anaangukia kodi ya mauzo, ile wengi wanaita TOT, ya asilimia 3. Inatozwa kwa mauzo yote, bila kutoa gharama, na inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mauzo, si pesa iliyoingia. Asilimia 3 ya mauzo ya Mama Hardware, 382,000, ni KSh 11,460. Akipeleka ile namba ya taarifa, 562,000, atalipa KSh 16,860. Atakuwa amelipia ushuru mkopo, chama, na pesa yake mwenyewe iliyotoka benki. KSh 5,400 kwa mwezi, bure kabisa.

Kuna la pili. Kiwango cha kujiandikisha VAT ni mauzo yanayotozwa kodi ya milioni 5 kwa miezi 12. Mauzo yake kwa kasi hii ni kama milioni 4.58 kwa mwaka, bado yuko chini. Ukizidisha 562,000 mara kumi na mbili unapata milioni 6.74, juu ya mstari. Mtu akikuuliza siku moja kwa nini hukujiandikisha, jibu lako ni jedwali lenye makundi na stakabadhi zake.

La tatu hatulioni likizungumzwa sana. Rudi kwa ile 25,000 ambayo duka lilibaki nayo. TOT ya 11,460 inakula karibu nusu, anabaki na 13,540. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna kwamba hataki TOT, ahesabiwe kwa kodi ya kawaida ya mapato, ambayo inatoza faida badala ya mauzo. Kwa viwango vya kawaida, KSh 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, na nafuu binafsi ya KSh 2,400 inaifuta hiyo yote. Elfu moja inayobaki inatozwa asilimia 25, yaani KSh 250. Mia mbili na hamsini, dhidi ya elfu kumi na moja na zaidi!

Usikimbie bado. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza faida. Kama muuzaji wako wa jumla hakupi ankara hiyo, zile 226,000 za stoku KRA haizioni, na faida yako kwenye karatasi itakuwa kubwa ajabu. Kwa hivyo ongeza safu nyingine kwenye lahajedwali: ina eTIMS au haina. SUMIFS itakwambia ni kiasi gani cha gharama zako kinaweza kusimama. Ukishajua hilo, nenda kwa mhasibu. Hapo mazungumzo yatakuwa mafupi na utalipa kidogo.

Isinya

Turudi kwa duka la pili. Tuseme Isinya kodi ya duka ni 15,000, kijana 14,000, stima 2,000. Hiyo ni 31,000 isiyosonga. Malipo ya mkopo mpya 20,000 kwa mwezi. Jumla 51,000 kabla hajauza hata msumari.

Kutoka kwa makundi tunajua hardware inabaki na 61,000 kwa kila 298,000, karibu shilingi 20 na senti 47 kwa kila mia. Toa shilingi 3 za TOT, zinabaki 17.47. Gawanya 51,000 kwa hiyo: Isinya inapaswa kuuza karibu KSh 292,000 kwa mwezi ili irudishe gharama zake tu. Yaani duka jipya, kwenye mji mdogo zaidi, liuze karibu sawa na la Kitengela kuanzia mwezi wa kwanza. Na likifanikiwa, maduka yote mawili yatapita ule mstari wa milioni 5 wa VAT.

Labda inawezekana. Isinya inajengwa pia, na mtu aliye pale anajua mengi ambayo sisi hatuyaoni kwenye namba. Lakini hilo ni swali tofauti kabisa na "pesa inaingia laki tano, nifungue au nisifungue?" Na angalia kwamba hatukukisia kila bidhaa kivyake, misumari peke yake, rangi peke yake. Tulikisia makundi mawili tu. Ukikisia mistari mia moja, unakosea mara mia moja.

Visivyojumlishwa

Wafanyabiashara wa mifugo walio chini huko, kuelekea Bissil, wana shida yao. Kwenye jedwali moja wana idadi ya wanyama, bei, na faida kwa kila mnyama. Idadi unaweza kujumlisha, ukitenga mbuzi na ng'ombe. Faida ya jumla unaweza. Wastani huwezi. Wiki ya kwanza umeuza mbuzi 30, faida KSh 400 kwa kila mmoja. Wiki ya pili soko lilikuwa tupu, umeuza 5 kwa faida ya 1,200. Ukichukua wastani wa wastani unapata 800, unatabasamu. Faida halisi ni 12,000 jumlisha 6,000, gawanya kwa mbuzi 35: kama 514. Kwa mbuzi 35, tofauti ya hesabu hizo mbili ni elfu kumi ambayo haipo mfukoni.

Salio pia halijumlishwi. Salio la Jumatatu na la Jumanne si pesa mbili, ni pesa ileile siku mbili. Inaonekana kitu cha wazi, mpaka uone safu ya salio imekaa kando ya safu ya kiasi na fomula imeburutwa ikashika zote.

Na kama unauza Namanga, au una wateja wanaovuka mpaka, kumbuka pande zote mbili zinasema "shilingi". Jedwali haliulizi ya Kenya au ya Tanzania, linajumlisha tu. Weka safu ya sarafu, weka safu ya kiwango cha kubadilisha cha siku ile uliyopokea pesa, kisha safu ya tatu yenye kiasi kwa KSh. SUMIF yako isome hiyo ya tatu peke yake.